Ramani ya sensa: usilinganishe kabla ya kukagua mipaka

Ndugu, umeuliza kwa nini ramani ya sensa inakata mtaa mmoja vipande kadhaa, na kama unaweza kulinganisha takwimu za sensa ya Tanzania za 2012 na 2022.

Vile vipande ni maeneo ya kuhesabia watu. Hayana uongozi wala ofisi. Ni sehemu anayoweza kuimaliza karani mmoja wa sensa. Ndiyo maana mipaka yake hufuata vitu vinavyoonekana: barabara, mto, reli. Karani akisimama njiapanda lazima ajue nyumba ipi ni yake, la sivyo kaya itahesabiwa mara mbili au irukwe kabisa.

Kulinganisha kunataka uangalifu mkubwa. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,707,410 mwaka 2012, na 2,343,754 mwaka 2022. Watu hawakukimbia! Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na peke yake ulikuwa na watu 1,344,687 mwaka 2022. Jumlisha mikoa yote miwili ndipo utaona ongezeko la kweli. Kata nazo hugawanywa hivyohivyo, tena mara nyingi zaidi, kwa hiyo anza na orodha ya vijiji au mitaa ya kila mwaka, uone ipi imehamishiwa kata nyingine.