Pumu na baridi ya Mbeya: jiko, magunia na inhela

Hapa Mbeya Juni ikishaingia, mambo mawili hutokea karibu kila nyumba. Mablanketi mazito yanatolewa sandukuni, na jiko la mkaa linahamia ndani. Kwa familia isiyo na mgonjwa wa pumu, huo ndio mwanzo wa jioni tamu: watu wamelizunguka jiko, mahindi yanachomwa, soga zinanoga. Kwetu sisi ndio msimu wa kulala umekaa. Mimi nina pumu tangu utoto na mwanangu wa pili anayo, kwa hiyo naandika kama mgonjwa na kama mama.

Kila msimu huu nasikia mtu akilalamika kwamba inhela, vile vikopo vya kuvutia dawa ya pumu, za siku hizi hazina nguvu, ile ya bluu ya kutuliza haraka haimalizi hata mwezi. Kabla hujailaumu dawa, kagua mambo matatu. Kuna kitu nyumbani kinakichokoza kifua, au mgonjwa hana dawa ya kinga ya kila siku, au dawa anayoivuta inaishia mdomoni. Kwa niliyoyaona, mara nyingi yote matatu yanakuwepo kwa pamoja.

Nianze na jiko, maana ndilo linaloleta ugomvi. Mkaa ukishakolea hauonyeshi moshi, na hapo ndipo watu wanapoamini hauna neno. Chembe na gesi zake hazionekani lakini njia za hewa za mwenye pumu zinazihisi, zinavimba na kubana. Isitoshe, mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo ndani ya chumba kilichofungwa inaua mtu usingizini, awe na pumu au asiwe nayo. Kwangu jiko halilali ndani, kwisha. Mgeni akija kutoka Dar akaanza kutetemeka, namletea sweta, soksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga aiweke miguuni. Jiko hapewi, hata akinuna.

Najua si kila mtu ana gesi, na wenye gesi nao bado wanachemsha maharage kwa mkaa. Pika nje au kwenye jiko la uani lenye dirisha pande mbili, loweka maharage tangu usiku ili yaive upesi, funika sufuria, tumia kuni zilizokauka vizuri. Na mtoto mwenye pumu asiwe ndiye anayetumwa kupuliza moto. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini angalia kwenye nyumba nyingi ni nani anayechuchumaa mbele ya jiko saa kumi na mbili asubuhi.

Halafu kuna magunia. Huku kwetu mahindi yakishavunwa na kupukuchuliwa, yanatafutiwa mahali pakavu na salama, na mahali hapo mara nyingi ni chumba cha watoto. Nimewahi kuingia chumba cha jamaa yangu huko Uyole, kitanda cha mtoto kimebanwa na magunia hadi karibu na dari. Ukipiga gunia moja kwa kiganja, vumbi linapanda: unga wa mahindi, mabaki ya bungua, ukungu wa punje ambazo hazikukauka sawasawa, na ile dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Mtoto analala humo Julai mpaka Desemba, kisha tunashangaa kwa nini kikohozi kinamwamsha saa tisa usiku. Magunia yakikosa stoo, bora yakae sebuleni au chumba cha watu wazima wasio na pumu. Wanaolima pareto kule Umalila na Makete wana kazi ya ziada, maana vumbi la maua yake makavu linajulikana kwa kuamsha aleji na pumu. Yasianikwe wala kuhifadhiwa kwenye chumba cha kulala.

Mablanketi nayo yana wenyewe. Utitiri wa vumbi ni wadudu wadogo kiasi kwamba huwaoni kwa macho, wanakula magamba ya ngozi yetu yanayodondoka kitandani, na kinachotusumbua hasa ni kinyesi chao. Blanketi lililokaa sandukuni miezi kadhaa ukalikung'uta usiku ule ule wa kulilalia, umejitafutia. Lifue kabla ya msimu, Mei kukiwa na jua. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto kweli, nyuzi joto 60 hivi, maana maji ya uvuguvugu hayawaui. Blanketi zito lisilofulika mara kwa mara livalishe shuka kama foronya, ili kinachogusa uso kiwe ni kitu unachoweza kukifua. Zulia na midoli ya manyoya toa chumbani. Na zile punje nyeupe za kufukuza mende zenye harufu kali, usiziweke katikati ya nguo za mwenye pumu; harufu ile peke yake inatosha kumbana.

Kufagia: nyunyiza maji kwanza, au piga deki moja kwa moja. Kwa wa Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, adui mkubwa ni ukungu mweusi kwenye kona za ukuta na nyuma ya kabati. Usogeze kitanda kutoka ukutani, fungua dirisha mchana, na ukishausugua ule ukungu tafuta maji yanapopenyea, la sivyo utarudi.

Sasa dawa. Inhela ya bluu kwa kawaida ni salbutamoli. Inalegeza misuli iliyobana njia za hewa, unapata nafuu ndani ya dakika chache, na inadumu saa nne hadi sita. Haitibu uvimbe ulio ndani. Uvimbe unatulizwa na dawa ya kinga, steroidi ya kuvuta kama beklometasoni au budesonidi, ambayo mara nyingi ni ya kahawia. Hii inatumiwa kila siku, hata ukiwa mzima unacheza mpira, na faida yake kamili huchukua wiki kadhaa kuonekana. Rangi hubadilika kulingana na kiwanda, kwa hiyo soma jina la dawa. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kabisa kushauri watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 watibiwe kwa ile ya bluu peke yake. Kama una pumu na hujawahi kuandikiwa dawa ya kinga, hilo ni swali la kumpelekea daktari wiki hii. Siku hizi wapo pia wanaopewa inhela moja yenye budesonidi na formoteroli inayofanya kazi zote mbili.

Kuivuta ndiko wengi wanakopoteza dawa. Tikisa inhela. Toa pumzi yote taratibu. Bana mdomo vizuri, anza kuvuta hewa polepole na hapo hapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae. Zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Kama una mvuto wa pili, subiri nusu dakika hadi dakika nzima, utikise tena. Jiangalie kwenye kioo: ukiona mvuke unatoka pembeni mwa mdomo au puani, dawa ile imepotea hewani. Ukihisi ubaridi na uchungu kooni basi imegonga nyuma ya koo, na huenda umevuta kwa pupa. Ukimaliza ile ya kinga, sukutua mdomo na uteme maji, usije ukapata utando mweupe wa fangasi kwenye ulimi.

Mtoto hawezi mambo yote hayo, na mtu mzima aliyebanwa hawezi pia. Ndiyo maana kuna spesa, lile bomba la plastiki linalokaa kati ya inhela na mdomo. Madukani huku mara lipo mara halipo, na bei yake inaumiza. Basi jua hili: mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, wakiongozwa na Heather Zar, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuzunguka inhela, iliwapa nafuu sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha polistirini, ile plastiki nyepesi, kilifanya vibaya kuliko vyote.

Ninavyotengeneza ya kwangu: nachukua chupa ya maji ya nusu lita, nachora mdomo wa inhela kwenye kitako kwa kalamu, nachoma tundu kwa waya uliopashwa moto, dogo kidogo kuliko mchoro ili inhela iingie kwa kubanwa, kisha naziba pembeni kwa utepe. Naiosha kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, kwa sababu kusugua plastiki kunaipa umeme tuli unaoivuta dawa ikaganda ukutani mwa chupa. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi za kawaida kama tano. Mvuto wa pili nao peke yake, usibonyeze miwili kwa mpigo. Mtoto mdogo asiyejua kubana mdomo anahitaji spesa yenye kinyago.

Mama mkwe wangu alipoiona chupa ile mara ya kwanza, alinivuta pembeni. "Mwanangu, hicho kitu kitamzoesha mtoto. Si bora vidonge?" Nikamwambia, "Mama, kidonge cha salbutamoli cha miligramu 2 kina dawa sawa na mivuto 20 ya inhela. Inapita tumboni, inazunguka mwili mzima, ndiyo maana mtoto alikuwa anatetemeka mikono alipokuwa anavimeza. Hii inaenda moja kwa moja kifuani." Akaangalia chupa, akaniangalia mimi. "Mivuto ishirini?" Siku hizi yeye ndiye anayewaeleza majirani, na idadi inaongezeka kila anapoisimulia. Kuhusu mikaratusi na nyungu bado hatujaelewana. Nafuu ya mvuke ni ya pua. Kifua kilichobana hakifunguki kwa mvuke, na sufuria la maji yanayochemka mbele ya mtoto anayehangaika kupumua linaniogopesha zaidi.

Kopo la salbutamoli kwa kawaida lina mivuto 200. Andika tarehe uliyolifungua kwa makapeni ubavuni. Mtu anayelimaliza kwa mwezi anavuta zaidi ya mara sita kwa siku, na huyo hali yake si nzuri hata kama anatembea. Kutumia makopo matatu au zaidi kwa mwaka tayari kunahusishwa na hatari kubwa ya kubanwa vibaya. Na acha ule mtindo wa kulitumbukiza kopo kwenye maji uone kama linaelea, haupimi kitu.

Akibanwa ghafla, mkalishe wima, usimlaze. Mpe mivuto minne ya bluu kwa chupa, mmoja mmoja. Subiri dakika nne. Bila nafuu, rudia minne. Bado, ondokeni kwenda hospitali mkiendelea kumpa njiani, na usiku wa baridi bajaji ni afadhali kuliko bodaboda. Usisubiri hatua zote hizo kama hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinazama akivuta pumzi, au midomo imegeuka bluu au kijivu. Kifua kilichokuwa kinalia filimbi kikinyamaza ghafla huku mtoto amelegea, hiyo si nafuu, ni dharura.

Duka la dawa ukienda kununua dawa ya maumivu, taja pumu yako kabla hawajakukabidhi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwabana baadhi yetu, na propranololi, ambayo wengine hupewa kwa ajili ya moyo au presha, ni hatari kwetu.

Shule ya bweni ya mwanangu nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyonichosha. Mchakamchaka wa alfajiri kwenye baridi ya Julai ni mtihani kwa mwenye pumu, na baada yake kuna kufagia uwanja wa vumbi. Sikuomba mtoto asikimbie. Niliomba, kwa barua ya daktari, mambo matatu: avute mivuto miwili dakika kumi na tano kabla, afunike pua na mdomo kwa skafu, na apangiwe kumwagilia maua badala ya kufagia. Yote walikubali upesi. Lililochukua muda ni mahali pa kuitunza inhela, kwa kuwa utaratibu wao ni dawa zote kufungiwa kabati la ofisi. Nikamwuliza mwalimu wa zamu, kwa heshima zote, funguo za kabati hilo huwa na nani saa nane usiku mtoto akibanwa bwenini. Akacheka, akaenda kuzungumza na mkuu wa shule. Inhela sasa inakaa mfukoni mwa sweta la mtoto, chupa yake iko chini ya mto, na matroni ana kopo la akiba.