Dar mpaka Cape Town na kurudi kwa siku 14 na watoto? Mkuu, ishia Livingstone

Mkuu umeuliza kama likizo ya siku 14 inatosha kutoka Dar na Harrier yako, wewe, shemeji na watoto wawili (wa miaka 9 na 4), mpite Lusaka, Livingstone (mji wa Zambia ulio jirani na Victoria Falls), Kasane na Gaborone za Botswana, Joburg, Cape Town, alafu mrudi kwa njia ya Namibia ili msirudie barabara. Nakujibu kama mtu ambae ujinga wa aina hiyo nilishaufanya, tena sikuwa na watoto ndani ya gari.

Jumlisha mwenyewe kwanza. Dar mpaka Tunduma ni kama kilomita 930, Nakonde (ng'ambo ya Tunduma, upande wa Zambia) mpaka Lusaka kama 1,000, Lusaka Livingstone 475 hivi. Yani Botswana hujaigusa na ushakula kilomita 2,400. Ukishuka mpaka Cape Town ukapandia Windhoek, Katima Mulilo ukaingia tena Zambia, mzunguko mzima unapita kilomita 10,000. Gawa kwa 14 inakuja zaidi ya 700 kila siku iendayo kwa Mungu, hamna siku ya kufua, hamna siku ya mtoto kuharisha, na mipaka sijaiweka bado.

Mwaka 2019 mwezi wa kumi tulikua washkaji watatu na Noah, tukapanga vituo tisa kwa siku 12, mwisho Joburg. Kwenye karatasi ilikua safi kabisa. Tuliishia Francistown, Botswana. Sio kwamba gari lilikufa, sisi ndo tulikufa, kila tunapofika ni usiku, tunalala, alfajiri tunaondoka, mpaka leo nikifungua picha za ile safari nyingi ni za sheli. Sheli ya Makambako, sheli ya Mpika, sheli ya Choma, mtu kashika soda. Victoria Falls tulikaa masaa mawili tu na upande wa Zambia ulikua karibu mkavu, unaangalia jiwe jeusi refu la mita mia na kitu na maji yanachuruzika kwa mbali kule upande wa Zimbabwe. Hakuna alietuambia kwamba mwezi wa 10 na wa 11 ndo maji yanakua chini kabisa. Nikarudi 2023 na wife na watoto, mwezi wa 6, vituo vichache, na hiyo ndo safari nayokushauri uinakili.

Kitu ambacho watu wanakosea ni kupanga kwa kilomita. Panga kwa mwanga. Zambia wako nyuma yetu saa moja, kwahiyo ukivuka Nakonde saa 4 asubuhi ya kwetu kwao ni saa 3, unafurahi umeongezewa muda, kumbe mwezi wa 6 kule kaskazini saa 12 kasoro giza linaingia. Na usiku barabara ile sio ya kuendesha na familia, semi imeharibika imeachwa katikati ya lami haina taa wala pembetatu, imewekewa matawi ya miti tu, na unaiona ikiwa imebaki hatua thelathini. Mchana wenyewe kati ya Chinsali na Serenje tulivopita kulikua na vipande vya mashimo ambapo malori yote yanahamia upande wako kukwepa. Kwahiyo hesabu masaa tisa ya kuendesha, toa mawili ya chakula na kukojoa, zidisha kwa 60 na sio kwa 100. Inakuja kama 400 na kitu kwa siku. Siku ya mpaka kata nusu.

Sasa hapo ndo ratiba inajipanga yenyewe. Siku ya kwanza toka Dar saa 11 alfajiri ukalale Iringa, ni kama 500 lakini una Mikumi, pale mwendo una kikomo na kuna bango la faini ya kila mnyama ukimgonga (twiga ndo balaa), alafu una Kitonga ambako ukikamatwa nyuma ya lori unapanda nalo taratibu mpaka juu, usijifanye una haraka. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nunua wakati wa kurudi, sisi tulinunua wakati wa kwenda tukazurura na gunia mpaka Chinsali. Siku ya pili lala Mbeya, usilale Tunduma. Mbeya kuna hoteli nzuri za kila bei na mnapumzika, alafu siku ya tatu unatoka mapema kilomita mia na kidogo unakua mpakani asubuhi. Ukivuka vizuri unaifikia Mpika, ukivuka vibaya unalala Chinsali, sehemu zote mbili uwe na namba ya gesti mkononi. Ya nne Mkushi, ya tano Lusaka unafika mchana watoto wanaingia mall wanakula pizza wanasahau shida zao, ya sita Livingstone. Siku ya saba na ya nane hugusi usukani. Ya tisa unaanza kurudi. Kurudi ni siku tano, inabaki siku moja ambayo huipangii kitu chochote, usiipe kituo hata kama shemeji kaona sehemu nzuri Instagram, hiyo ni ya pancha na ya homa.

Kuhusu mpaka ngoja niseme kwa urefu maana ndo unaomaliza watu. Ukikaribia Tunduma utaona foleni ya malori kilomita na kilomita, usipange foleni hiyo, gari ndogo zinapita pembeni. Ukifika tu wanakuja maajenti wanakimbia na gari, wameshika dirisha, kila mmoja na faili lake, wote wanakwambia bosi mimi ndo nakupitisha. Nilichukua mmoja, tukakubaliana bei kabla sijazima gari, na sijutii, ila nyaraka zangu sikumwachia nilizishika mwenyewe nikawa namfata nyuma dirisha kwa dirisha. Uhamiaji dakika kumi, sisi Watanzania Zambia hatuhitaji viza, na Botswana pia hivohivo. Shida ni gari. Unatakiwa kadi original, bima ya Yellow Card ya COMESA (inakubalika Zambia na Zimbabwe, Botswana hawaitambui unakata ya kwao palepale mpakani), clearance ya polisi, alafu upande wa Zambia unalipia kibali cha gari kuingia kwa muda, kodi ya hewa chafu, ada ya barabara na ushuru wa halmashauri. Risiti zote weka bahasha moja, kuna polisi huko mbele watazitaka.

Mimi jamaa wa bima alieniandikia Yellow Card aliweka herufi O sehemu ya sifuri kwenye namba ya chesisi. Herufi moja. Yule mama wa customs akaniambia fungua boneti, nikawa nimeinama na tochi ya simu namsomea namba moja moja, anatingisha kichwa, mtoto nyuma analia anataka choo. Masaa matatu yakaondoka mpaka nikatumiwa iliyorekebishwa kwa WhatsApp nikaenda kuiprinti stesheneri. Kwahiyo ukipewa karatasi zako hukohuko Dar kaa chini usome chesisi kwa kidole. Na kama Harrier iko kwa jina la shemeji au la kampuni au bado ina mkopo wa benki, beba barua ya ruhusa yenye muhuri wa mwanasheria, ya benki nayo. Jamaa wa Noah 2019 gari lilikua la kaka yake, tulilala Tunduma tunasubiri barua itumwe na basi.

Watoto beba vyeti vyao vya kuzaliwa original hata kama wana pasipoti, Botswana wanauliza kweli. Kadi ya manjano (ya chanjo ya homa ya manjano, sio ile ya bima) kila mtu. Kwenye gari pembetatu mbili, fire extinguisher, stika za EAT (alama ya gari la Tanzania) nyuma, na reflekta nyeupe mbele nyekundu nyuma, Zambia polisi wanaanzia hapo.

Kasane nenda, usiiache, ila nenda kama abiria. Livingstone mpaka Kazungula, mpaka wa Zambia na Botswana, ni saa moja tu na saivi kuna daraja, 2019 tulivuka na pantoni, daraja limefunguliwa 2021. Ila ukivusha gari lako unaanza upya bima, ada, kibali, kutoka na kurudi, kwa siku moja haina maana. Wale wa kampuni za utalii wanawachukua hotelini asubuhi, mnavuka, mnapanda boti mto Chobe, jioni mmerudi. Wangu wa miaka mitano aliona tembo anaogelea, mkonga tu uko juu ya maji, akaniuliza baba anapumuaje, nusu saa nzima swali hilohilo. Na msibebe nyama mbichi kwenda Botswana, wanaogopa ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, 2019 tuliacha getini kilo nne za T-bone tulizokua tumepanga kuchoma Nata, tukakanyagishwa na viatu kwenye dawa.

Kwenye maporomoko mwezi wa 6 pale Knife-Edge Bridge (daraja la miguu upande wa Zambia) mtalowa mpaka chupi, makoti ya mvua yanakodishwa palepale, simu funga kwenye mfuko. Usiku baridi kali, sio ya Dar, beba masweta. Kama likizo yako inaangukia mwezi wa 10 au 11 basi vukeni kwa miguu upande wa Zimbabwe, viza hatuhitaji, ila kiingilio chao mnalipa tena.

Wese piga hivi, kwenda na kurudi na mizunguko weka kilomita 5,000, Harrier yako tuseme lita moja kwa kilomita 10, ni lita 500, zidisha kwa bei ya siku hiyo ya nchi husika. Ukifika nusu tenki jaza, usiseme nitajaza mbele. Chakula njiani hakisumbui, nshima ni ugali wetu na kapenta ni dagaa. Nakonde Kiswahili kinapanda kabisa, ukishapita Isoka anza na "mwapoleni" (salamu ya Kibemba) ndo uulize njia.

Cape Town panda ndege mwaka mwingine. Niambie likizo ni mwezi gani na kadi ya gari iko kwa jina la nani, hayo mawili ndo sijayaona kwenye maelezo yako.