Nani hasa alipiga kwenye albamu za Ozzy?

Ndugu, umeuliza kwa nini nakala mbili za albamu ya Ozzy "Blizzard of Ozz" hazilingani, na ununue ipi. Hujasikia vibaya. Angalia mwaka wa toleo.

Baada ya kutimuliwa bendi ya roki Black Sabbath mwaka 1979, mwimbaji marehemu Ozzy Osbourne alijipanga upya na Randy Rhoads kwenye gitaa, Bob Daisley kwenye besi na Lee Kerslake kwenye dramu. Don Airey alipiga kinanda. Watu humsifu Rhoads peke yake, na anastahili, lakini mashairi mengi aliandika Daisley. Daisley na Kerslake wakaachwa. Albamu ya pili, "Diary of a Madman", ilipotoka 1981, jaladani yakawekwa majina ya Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, ambao hawakupiga hata noti moja humo! Baadaye ukaja ugomvi wa malipo kati ya Ozzy na kina Daisley na Kerslake, na matoleo ya 2002 ya albamu zote mbili yakafutwa besi na dramu za awali. Robert Trujillo na Mike Bordin wakapiga upya. Wapigaji wazuri sana, ila uhondo ule haupo.

Kwa hiyo likwepe toleo la 2002. Chukua la 2011, lililorudisha sauti za mwanzo, au santuri ya zamani ukiipata.

Ukizimaliza hizo mbili, nenda "Bark at the Moon" ya 1983: gitaa ni la Jake E. Lee, maana Rhoads alifariki kwa ajali ya ndege 1982. Daisley utamsikia tena humo.