Anayekubana kwenye foleni: umwambie au uvumilie?

Ndugu, umeuliza kama ni utovu wa adabu kumwomba mtu aliye nyuma yako kwenye foleni asogee, maana pumzi yake unaisikia shingoni. Si utovu wa adabu hata kidogo. Mwambie.

Ila kwanza tazama mazingira. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, alieleza katika miaka ya 1960 jinsi watu wanavyojiwekea nafasi. Kwa Wamarekani aliowachunguza, umbali wa chini ya sentimita 45 hivi uliachiwa wapenzi na jamaa wa karibu sana. Marafiki waliongea wakiwa ndani ya mita 1.2. Alisisitiza pia kwamba vipimo hivyo hutofautiana kati ya jamii na jamii. Kwa hiyo huyo anayekubana huenda kwao ndivyo watu wanavyosimama, wala hana nia mbaya. Na ndani ya lifti au basi lililojaa, hakuna wa kumlaumu.

Foleni yenye nafasi ni jambo jingine. Geuka ubavu kidogo, au begi lako liweke upande wa nyuma. Wengi huelewa hapo hapo. Asipoelewa, sema kwa sauti ya kawaida: "Samahani, naomba unipe nafasi kidogo." Inatosha. Huna haja ya kujieleza, na tafadhali usiombe radhi mara tatu kwa kudai nafasi ya kupumua.

Akikugusa makusudi, upole uache. Sema kwa nguvu wengine wasikie, kisha ondoka hapo au mwite mhudumu.