Kuanzisha ukoo wa Basenji hapa Lubumbashi: tafuta kwanza waasisi wengi, dume mzuri atafuata

Watu wanaonipigia simu kutoka Likasi, Kolwezi na hata Kalemie wakitaka kuanza kufuga mbwa wa aina ya Basenji huniuliza karibu wote swali moja: dume mzuri anapatikana wapi? Naelewa kwa nini wanauliza hivyo, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuwanunua mbwa wa ulinzi katika mji huu. Mtu humwona dume mwenye kifua kipana, hulipa dola anazotakiwa kulipa, na kuanzia siku hiyo majike wote wa mtaa hupelekwa kwake. Kwa mbwa wa aina adimu, njia hiyo huharibu kazi mapema sana. Anayetaka kujenga ukoo utakaodumu, badala ya kuuza watoto wa mbwa kwa miaka michache na kuacha, anapaswa kujiuliza kwanza atawapata wapi waasisi, yaani mbwa wa kwanza wa kuanzishia ukoo, walio wengi na wasio na undugu, kisha afanye nini ili damu ya kila mmoja wao isipotee.

Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa Basenji ni mbwa wa kwetu. Asili yake ni bonde la Kongo: Wambuti wa Ituri humtumia kuwakimbiza wanyama hadi kwenye nyavu, na Wazande wa kaskazini humfunga kengele ya mbao shingoni ili wasimpoteze porini, kwa maana hawindi kwa kubweka. Hata hivyo, wenye uwezo hapa mjini huagiza watoto wa Basenji kutoka Ulaya kwa gharama kubwa, wakiamini kwamba cheti cha nasaba ndicho kinachomfanya mbwa awe halisi. Cheti kina thamani yake, wala simkatazi mtu kukitafuta. Lakini mbwa wenye vyeti wametokana na waasisi wachache sana waliotolewa huku, na yaliyowapata ndiyo yaliyonifundisha namna ya kupanga banda langu.

Basenji wa kwanza waliofikishwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa distempa, ugonjwa hatari wa mbwa, muda mfupi baada ya kufika. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliwapeleka wengine sita kutoka Sudan, nao pia wakafa. Ni mwaka 1936 tu ambapo Olivia Burn alifanikiwa kuwatoa katika Kongo ya Wabelgiji mbwa walioishi na kuzaa, na mwaka uliofuata wakaonyeshwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, ambako watu walisongamana kuwatazama. Wengine waliongezwa baadaye mmoja mmoja. Aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni jike mwekundu aitwaye Fula, ambaye Veronica Tudor-Williams alimpata kusini mwa Sudan mwaka 1959. Fula hakushindanishwa kamwe kwenye maonyesho, lakini damu yake imo katika karibu kila Basenji aliyesajiliwa nje ya Afrika tangu wakati ule. Kwa mfugaji, habari hiyo ina pande mbili: jike asiye na taji lolote anaweza kuuokoa ukoo mzima, na ukoo mzima unaomtegemea jike mmoja tayari umeshakuwa mwembamba.

Wembamba huo ulionekana katika miaka ya 1970. Wafugaji wa Marekani walikuwa wakisumbuliwa na anemia ya kurithi inayovunja seli nyekundu za damu, na kilipopatikana kipimo cha kuwatambua wabebaji, yaani mbwa wenye jeni ya ugonjwa lakini wasiougua, wengi wao waliwaondoa wabebaji wote katika uzazi. Anemia ilipungua sana, kweli, lakini pamoja na wabebaji hao zilitoweka nasaba nzima zilizokuwa na mema mengi, na katika kundi dogo lililobaki ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukazidi kujitokeza. Hapo ndipo walipolazimika kurudi kwenye chemchemi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji kadhaa walisafiri hadi Zaire, wakachukua mbwa wa vijijini katika nchi ya Wazande, na mwaka 1990 American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa Marekani, ikafungua upya kitabu chake cha nasaba kwa ajili ya mbwa 14. Pamoja nao iliingia rangi ya milia. Kitabu hicho kilifunguliwa tena kuanzia Januari 2009 hadi Desemba 2013, na mwaka 2010 msafara mwingine ulichukua mbwa katika vijiji vya eneo la Basankusu. Ukilitazama jambo hilo ukiwa Lubumbashi, huwezi kukosa kuona kwamba wenzetu walivuka bahari kutafuta kile tulicho nacho ndani ya nchi yetu.

Basi waasisi watafutwe vijijini, mbali na barabara kuu, mbali na migodi na kambi, kwa sababu popote walipokaa wageni wenye mbwa wakubwa damu imekwisha kuchanganyika. Mbwa wangu wa kwanza walitoka upande wa Isiro, mkoa wa Haut-Uele, kwa msaada wa jamaa wanaoishi huko, na ushauri wangu kwa anayefuata njia hiyo ni kutokuwa na haraka. Mwindaji hauzi mbwa wake bora, na ukimshinikiza atakuuzia yule asiyemfaa. Omba mtoto wa uzao ujao wa jike uliyemwona kwa macho yako akifanya kazi, na ulipe kabla ili ahadi iwe na uzito. Usimwulize mwenyeji kama mbwa wake ni halisi, kwa sababu atakuitikia kwa adabu tu. Muulize jike huingia joto mara ngapi kwa mwaka, maana Basenji kwa kawaida huingia mara moja tu, ilhali mbwa wengi wengine huingia mara mbili. Muulize mbwa hutoa sauti gani usiku, na mbwa wake hufa wakiwa na umri gani na kwa dalili zipi. Majibu ya maswali hayo yamenisaidia kuliko masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, kwani hata machotara huweza kuwa na mkia kama huo.

Kila mwasisi apigwe picha akiwa amesimama, kwa ubavu na kwa mbele, pamoja na mama yake na baba yake ikiwa anajulikana. Andika jina la kijiji, jina la mto au kilima kilicho karibu, na tarehe. Usichukue ndugu wawili wa uzao mmoja kwa kuwa tu ni rahisi kuwasafirisha pamoja. Afadhali mbwa wawili kutoka vijiji viwili vilivyo mbali, hata kama mmoja wao hakupendezi sana. Kiwango kinachotumiwa na FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kinamtaka dume awe na kimo cha sentimita 43 na uzito wa kilo 11, na jike sentimita 40 na kilo 9.5. Kitumie kama dira unapochagua wajukuu, lakini usikitumie kumkataa mwasisi kwa sentimita mbili, kwa sababu kimo hurekebishwa katika vizazi viwili au vitatu, ilhali damu uliyoiacha kijijini hairudishwi na mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye suala la dume, ambalo ndilo linaloharibu mabanda mengi. Tuseme una mbwa kumi. Ikiwa dume ni mmoja na majike ni tisa, hesabu ya wataalamu wa uzalishaji huonyesha kwamba kundi lako, kwa upande wa urithi, lina thamani ya mbwa 3.6 tu: unazidisha 4 kwa madume na kwa majike, kisha unagawanya kwa jumla yao. Ikiwa madume ni watano na majike watano, thamani ni kumi kamili. Chakula ni kile kile na mabanda ni yale yale, lakini kundi la kwanza hupoteza karibu asilimia 14 ya utofauti wake wa urithi katika kila kizazi, na la pili asilimia 5. Kwa hiyo ninapoombwa dume, humwambia mwombaji atafute kwanza wenzake wawili au watatu, kila mmoja amweke dume wake, na wabadilishane.

Kuna hesabu nyingine ambayo huiandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Mtoto mmoja hubeba nusu tu ya urithi wa mzazi wake. Ukimweka mtoto mmoja wa mwasisi fulani na kuwauza wengine kama mbwa wa nyumbani wasiozalishwa, umetupa nusu ya ulichokisafirisha kutoka Haut-Uele. Ukiwaweka wawili unahifadhi takriban robo tatu, na ukiwaweka watatu unafika karibu asilimia 88. Kwa sababu hiyo mimi hutaka watoto watatu au zaidi wa kila mwasisi waendelee kuzaa, wakikaa katika mikono tofauti, na hasa watoto wa yule mwasisi ambaye wanunuzi hawamshangilii. Na kwa kuwa jike huzaa mara moja kwa mwaka, uzao uliotawanywa bila mpango ni mwaka mzima uliopotea.

Kumzalisha baba na binti, au ndugu wa tumbo moja, humpa mtoto asilimia 25 ya uwezekano wa kurithi jeni ile ile kutoka pande zote mbili. Nusu-ndugu ni asilimia 12.5, na binamu wa kwanza 6.25. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi ili kuimarisha sura fulani, na mabanda makubwa ya Ulaya yalijengwa hivyo. Mimi sishauri hata kidogo kwa kundi changa, kwa maana bado hujui mbwa wa kijijini amebeba nini.

Fanconi inaonyesha vizuri sababu ya tahadhari hiyo. Katika ugonjwa huu figo hushindwa kurudisha sukari na madini mwilini, yakatoka na mkojo. Mbwa hunywa maji mengi, hukojoa mara kwa mara na kukonda, ingawa sukari katika damu yake ni ya kawaida. Dalili huanza mara nyingi akiwa na miaka minne hadi saba, na kufikia umri huo dume anayependwa anaweza kuwa baba wa mbwa wa mkoa mzima. Vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo, vile vile vinavyotumiwa na wagonjwa wa kisukari, hupatikana katika famasia. Nawapima mbwa wangu wote kwa vijiti hivyo mara kwa mara tangu wanapofikisha miaka mitatu. Tangu mwaka 2011 kipo kipimo cha moja kwa moja cha jeni, na sampuli ya shavuni inaweza kutumwa kwenye maabara za nje. Mbebaji akitambuliwa, usimwondoe. Mzalishe na mbwa aliye safi, yaani asiyebeba jeni hiyo: hakuna mtoto atakayeugua, na kwa wastani nusu yao watakuwa safi kabisa, ambao kati yao utachagua wa kuendelea nao. Ni kwa kuwafukuza wabebaji wote kwa pamoja ndipo wafugaji wa miaka ya 1970 walipojiumiza.

Kuhusu matunzo sina mengi. Mbwa wa kijijini atengwe kwa wiki kadhaa, apewe dawa ya minyoo na kupe, na achanjwe distempa, pavo na kichaa cha mbwa kabla hajagusana na wengine. Mji wetu una kitivo cha udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nasi hatuna sababu ya kubahatisha. Bukari (ugali) na ndagala (dagaa) huwatosha wengi, mradi ndagala waoshwe chumvi na nyama iongezwe kwa jike mwenye mimba. Mimba ni kama siku 63, na usiku wa Juni na Julai hapa ni baridi kwa watoto wenye manyoya mafupi, hivyo jike anayeingia joto Aprili au Mei aandaliwe mahali pa kuzalia palipofunikwa vizuri. Ukuta wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, uwe mrefu na laini, kwa sababu Basenji hupanda uzio wa waya, na jike aliyetoka akiwa na joto atarudi na mimba ya mbwa wa jirani.

Kabla ya kumkabidhi mtoto yeyote, andikeni mkataba, hata kama mnunuzi ni shemeji yako. Mkataba wangu unasema kwamba mbwa hatazalishwa bila mimi na mnunuzi kukubaliana juu ya mwenzi wake. Kwamba akizaa, mtoto mmoja atarudi kwenye kundi au atakwenda kwa mfugaji tutakayemteua. Kwamba mnunuzi akihama au akishindwa kumlisha, mbwa harudi sokoni bali anarudi kwangu bila malipo. Na kwamba akifa, nipewe taarifa ya umri na dalili, hata kwa simu tu. Sharti hili la mwisho ndilo wanunuzi hulisahau zaidi, nami huwapigia simu mwenyewe kila mwaka mwanzoni mwa mvua, nikiwa na daftari mkononi, na kuuliza habari za kila mbwa kwa jina lake.