Wati 10 au 50 kwa chumba cha kupanga? Swali siyo wati

Mkuu, umesema una chumba kimoja cha kupanga, mtoto wa miezi minne, gitaa la umeme ulilorithi kwa kaka yako, na muda wako wa kupiga ni kuanzia saa nne usiku. Unataka kujifunza kupiga solo za dansi na sebene, na Jumapili upige kanisani. Unauliza uchukue amplifaya ya wati 10 au ya wati 50. Waliotangulia kukujibu wamesema chukua 10 kwa kuwa kelele yake ni ndogo. Nia yao njema, ila hapo wamekupoteza. Mimi napiga solo ya pili kwenye bendi ya wikiendi, mwaka wa tisa huu, na muda wote huo nimekaa nyumba za kupanga, kwanza Temeke, sasa Sinza. Nimeshanunua amplifaya nne. Mbili zilikuwa hasara tupu.

Wati kwanza, tumalizane nazo. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na sikio linaona kama umegusa volyumu kidogo. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 50 ikikamuliwa mpaka mwisho ni kama mara mbili tu ya ile ya wati 5. Sasa sikiliza hili: spika nyingi za gitaa za inchi 12, ukizipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake, zinatoa desibeli 95 na kupanda. Kwa wati moja! Mtoto ataamka, mama yake ataamka, na mwenye nyumba atakuja na taulo. Usiku huo wa saa nne wewe utakuwa unatumia vipande vya wati, si wati. Iwe 10, iwe 50, zote mbili zinakutosha na kukuzidi.

Cha kuuliza ni hiki: ikifunguliwa kidogo kabisa, kiasi kwamba mtu anaweza kuongea juu yake bila kupaza sauti, bado inasikika kama gitaa? Zipo kubwa zinazoweza na zipo ndogo zisizoweza. Amplifaya yangu ya kwanza ilikuwa ya wati 15. Volyumu yake kati ya sifuri na moja haikuwa na kitu, ukigusa tu inaruka kutoka kimya hadi kelele. Nilikuwa naisogeza kwa ukucha kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Nikiipata pale panapofaa, sauti inatoka nyembamba, imefifia, utadhani gitaa limefungiwa kwenye sanduku.

Sehemu ya hilo ni kosa la amplifaya, sehemu ni masikio yetu. Watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walilionyesha mwaka 1933: sauti ikishuka, sikio linapoteza besi kwanza, na trebo, yaani zile sauti kali za juu, nazo kiasi. Ndiyo maana ukipiga chini unaona gitaa halina mwili. Dawa ya haraka ni kuongeza besi kidogo. Lakini besi ndiyo hiyo hiyo inayopenya ukuta, na hapo ndipo nilipoingia kwenye kesi.

Nyumba ya Temeke ilikuwa ya vyumba sita, korido katikati, bati moja juu, na kuta za ndani zilikuwa hazifiki juu kabisa. Unazijua. Ukikohoa chumba cha kwanza unapewa pole chumba cha tatu. Nilikuwa nimeiweka amplifaya sakafuni, kwenye kona, ukutani kabisa, kwa sababu ndipo nafasi ilipokuwa. Napiga taratibu, mwenyewe naona kimya. Siku ya tatu mama wa chumba cha pili akagonga. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema: "Mwanangu, mimi gitaa lako wala silisikii. Nasikia kabati langu la vyombo linatetemeka." Akanishika mkono nikaenda kuona. Kweli, nilimwachia mdogo wangu apige uzi wa sita, ule mnene wa besi, na huku chumbani kwa mama vikombe vya bati vinaimba.

Kona inakuza besi, maana kuta mbili na sakafu vinairudisha yote ndani. Na wewe gitaa hulisikii vizuri kwa sababu umekaa na spika inakutazama miguuni. Trebo ya spika ya gitaa inatoka kwa kunyooka kama mwanga wa tochi: ikielekea magotini, masikio yanapata mabaki, basi unaongeza volyumu ujisikie. Niliiondoa kwenye kona, nikaiweka juu ya kiti cha mbao chenye kipande cha godoro, nikaielekeza usoni, mita moja hivi, nikapunguza besi kidogo. Volyumu nikaishusha karibu nusu ya ile ya mwanzo na bado nikajisikia vizuri zaidi. Mama hakugonga tena kwa ajili ya gitaa. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jua kwamba kiti ni nusu ya amplifaya.

Kuna kitu kingine ambacho utakigundua usiku wa kwanza. Ukishusha sana, unaanza kuzisikia nyuzi zenyewe, ule mlio mkavu wa chuma unaotoka kwenye gitaa kabla ya umeme, ukichanganyikana na sauti ya spika. Inaudhi. Hapo ndipo ulipo mwisho wa kushuka kwa spika, chini ya hapo ni hedifoni.

Na kwa mtoto wa miezi minne, tusidanganyane, hedifoni utazitumia siku nyingi kuliko spika. Basi amplifaya isiyo na tundu la hedifoni usiiangalie mara mbili. Lakini pia usiridhike kwa kuwa tundu lipo. Kwenye amplifaya nyingi za bei ya chini, tundu lile linatoa sauti ghafi, haijapita kwenye kitu chochote kinachoiga spika, na ukiweka mkwaruzo (distortion) kidogo unasikia nyuki kwenye kopo. Nenda dukani na hedifoni zako, zile zinazofunika sikio, za waya. Nasisitiza za waya. Za bluetooth zinachelewesha sauti: unapiga sasa, unasikia baadaye kidogo, na kwenye sebene ambako kidole kinarudi pale pale mara nane kwa pumzi moja, utachanganyikiwa. Bluetooth ya kuingiza muziki kutoka kwenye simu kwenda kwenye amplifaya haina shida, hiyo ni nzuri, unapiga juu ya wimbo unaojifunza.

Wapo watakaokuambia chomeka gitaa kwenye sabufa ya nyumbani, una spika tayari, hela ya nini. Nilifanya hivyo miezi miwili. Gitaa la umeme lenye pikapu za kawaida, zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti, linataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa sana, kama ohmu milioni moja. Tundu la nyuma ya sabufa lina ohmu makumi machache ya maelfu tu, basi trebo yote inamezwa, gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Unajaribu kurudisha uhai kwa kuongeza sauti, na sabufa kazi yake ni nini? Kusukuma besi ukutani. Rudi kwa mama na vikombe vyake.

Sasa la pili nililopoteza hela, na hili naomba ulisome taratibu maana najua utapita kwenye mtumba. Nilipata amplifaya ndogo safi kabisa kutoka Japani, ngozi haijachubuka, muuzaji akaichomeka kwenye kifaa chake fulani pale chini ya meza, ikaimba vizuri. Nikalipa laki na nusu, nikakimbia nayo nyumbani, nikachomeka ukutani. Ikatoa mngurumo, harufu ya waya ulioungua, moshi mwembamba, basi. Hata wimbo mmoja haukuisha. Kile kifaa chini ya meza kilikuwa transfoma ya kushusha umeme. Nyuma ya amplifaya palikuwa pameandikwa volti 100, herufi ndogo, na umeme wetu ni 230. Za Marekani zimeandikwa 120, ni yale yale. Hazikatazwi, ila lazima ununue na transfoma yake, na hiyo gharama uihesabu. Na ukishageuza nyuma, usichanganye: wati zilizoandikwa karibu na volti ni za umeme inaokula, siyo za sauti inayotoa. Wauzaji wengine wanakusomea hizo.

Amplifaya za valvu, zile za zamani zenye taa za kioo ndani, nitapita haraka. Sauti yake tamu, lakini utamu ule unakuja ikikamuliwa, na hata wati 5 za valvu zikikamuliwa ndani ya chumba kimoja ni kelele ya harusi. Siyo kwa maisha yako ya sasa.

Nini nichukue? Kwa unachotaka kupiga, solo ya dansi ni sauti safi, angavu, isiyokwaruza, yenye mwangwi kidogo. Huhitaji mitindo sitini ya sauti ndani ya boksi, unahitaji mmoja safi mzuri. Mwangwi usiudharau, chumba chenye godoro, mapazia na nguo za mtoto kinakausha gitaa mpaka linakata tamaa.

Niliyonayo leo ni Boss Katana 50, ile ya 2016, na sababu kuu ni kiswichi kimoja: unaichagulia wati 50, 25 au nusu wati. Jumapili inaenda kanisani kwa 50, usiku inalala kwa nusu, na volyumu unaweza kuifungua vya kutosha bila ile hali ya kusogeza kwa ukucha. Hata kwenye nusu wati bado naweza kumwamsha mtu, uelewe. Kasoro yake ni kubwa kwa chumba, ina spika ya inchi 12, mke wangu anaiita "friji". Kama kanisani kwenu kuna mfumo wa sauti wa kuchomeka gitaa, huna haja nayo.

Rafiki yangu ana Yamaha THR10 ya kwanza kabisa, ile iliyotoka 2011, spika mbili ndogo za sentimita 8. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mezani, na ndiyo inayosikika vizuri kuliko zote nilizosikia kwa sauti ya chini. Inakubali betri nane za AA, umeme ukikatika unaendelea. Bei ndiyo mtihani, hata ya mtumba. Chini ya hapo kuna Roland Micro Cube GX, wati 3, spika ya inchi 5, betri sita. Safi yake ni safi kweli, na mwangwi upo. Kwa bajeti uliyoitaja, laki tatu na nusu, ningewinda hiyo iliyotumika.

Na kama hela itapungua kabisa, zipo Vox amPlug, kidude cha ukubwa wa kiberiti kikubwa, unakichomeka kwenye gitaa, hedifoni kwenye kidude, betri mbili za rimoti, kimya kabisa. Chukua ile ya sauti safi, usichukue ile ya Metal, ya mkwaruzo mkali. Nilianza nacho baada ya ule moshi na nilijifunza mengi, ila kiliniharibia mkono: kwenye hedifoni kila noti iko sawa, ukipiga kwa nguvu au taratibu huoni tofauti kubwa, basi siku ya mazoezi ya bendi nikawa nagonga nyuzi kama napasua kuni. Jitahidi angalau Jumamosi mchana, mtoto akiwa kwa bibi yake, upige kwenye spika nusu saa.

Dukani fanya hivi. Nenda na gitaa lako, usipige la muuzaji. Mwombe azime redio, huo ndio ugomvi wa kwanza Kariakoo lakini mwombe. Weka volyumu mahali ambapo mnaweza kuongea naye bila kupandisha sauti, piga uzi wa kwanza peke yake hadi ufe, kisha uzi wa sita. Atakwambia ongeza, usiongeze. Yeye anauza kelele, wewe unanunua usiku.

Ukiipata, nitumie picha ya nyuma yake kabla hujachomeka.