Mtambue mdudu kibibi kabla hujashika bomba la dawa

Ninyi mnaoanza kazi ya bustani ya mboga, iwe nyumbani au katika mafunzo ya vitendo chuoni, nawaomba mjifunze kumtambua mdudu kibibi katika kila hatua ya maisha yake. Akiwa mzima hakuna asiyemfahamu: ni mbawakawa mdogo wa mviringo, mwenye mgongo uliotuna na kung'aa, mwekundu au wa rangi ya chungwa, na madoa meusi juu yake. Lakini mamia ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, huliwa naye kabla hajaipata sura hiyo.

Jike hutaga mayai ya njano, membamba, yaliyosimama wima kwa mafungu, mara nyingi chini ya jani lenye vidukari. Baada ya siku chache hutoka buu mweusi au wa kijivu, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa na miguu sita, aliyerefuka mfano wa mamba mdogo. Huyo ndiye anayeuawa kwa makosa. Mwaka wangu wa kwanza niliwaponda mabuu hao kwenye sukuma wiki, nikiamini kwamba wao ndio waliokuwa wakikunja majani, na haikuchukua muda vidukari wakajaa hadi kwenye vikonyo. Jambo hilo linanisikitisha mpaka leo, kwa sababu lenzi ya mkononi na dakika 10 za kutazama zingetosha kunionyesha nani alikuwa akimla nani.

Buu akishajivua ngozi mara kadhaa hujibandika kwenye jani na kuwa bundo, ambaye hatembei wala hali, na kwa haraka utamdhania kinyesi cha ndege. Msimkwangue. Kwenye joto la kawaida, baada ya takriban wiki moja hutoka mdudu laini, wa njano iliyopauka, asiye na doa hata moja, na rangi zake hukolea kadiri gamba linavyokauka.

Mkimshika mzima na kuona majimaji ya njano yenye harufu kali, msidhani mmemjeruhi: huyatoa kwenye maungio ya miguu ili ndege wamwone mchungu. Tazameni pia sisimizi, kwa kuwa huwalinda vidukari ili wapate utomvu wao mtamu, na humfukuza mdudu kibibi anapokaribia.

Kuna ndugu yake mmoja asiyestahili kuachwa, yule anayekula majani ya maboga na ya jamii ya nyanya hadi yakabaki kama wavu. Mgongo wake una vinyweleo vifupi, hivyo haung'ai, na buu wake ni wa njano mwenye miiba yenye matawi. Huyo muokoteni kwa mkono, pamoja na mayai yake.

Kwa hiyo, kabla ya kupulizia, geuzeni majani ya miche kadhaa katika kila tuta. Mkikuta mabuu au mayai ya kibibi kati ya vidukari, subirini siku chache kisha mkague tena, kwa maana dawa nyingi za kuua wadudu humwua yeye pamoja na vidukari, na vidukari ndio hurudi upesi, kwani majike yao huzaa bila kuhitaji dume. Acheni pia mistari miwili ya giligilani ichanue pembeni mwa matuta, ili kibibi mzima apate chavua ya kula siku ambazo vidukari ni haba.